Antioksidanti na moyo wa mzee: sahani, dawa ya presha au chupa ya vidonge?



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (Subhaanahu wa Ta'aala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba yumo mzee aliyevuka miaka 80. Watoto wake wengine wapo mjini, wengine Dar es Salaam, wengine Oman au Uingereza, na kila mmoja anatamani mzee wake aishi kwa afya. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo siku hizi liko kila mahali: antioksidanti. Limeandikwa kwenye chupa za vidonge, linatangazwa, linatumwa kwenye simu. Husemwa kwamba zinasafisha mishipa, zinalinda moyo na zinachelewesha uzee.

Tuchukue mfano. Bi mkubwa ana miaka 84 na amekuwa akimeza kidonge cha presha kila asubuhi kwa miaka mingi. Mwanawe wa ng'ambo anamletea chupa mbili za vitamini. Jirani, kwa nia njema kabisa, anamwambia kwamba kwa kuwa sasa anatumia hizi, hana haja tena ya zile za hospitali kwani zina kemikali. Bi mkubwa anaacha dawa ya presha. Wiki ya kwanza anajiona mwepesi, ya pili vile vile, na hakuna mtu nyumbani anayempima. Mfano huu tumeutunga ili tufahamishane, lakini tunaamini si wengi watakaouona mgeni.

Je, bi mkubwa amefanya sawa? Jawabu letu ni kwamba hakufanya sawa, na hatari yake ni kubwa. Antioksidanti ni neema ya Allah iliyomo ndani ya chakula, na mahali pake ni kwenye sahani. Chupa ya vidonge haijathibitika kuulinda moyo wa mzee, na haiwezi kushika nafasi ya dawa ya presha. Tufafanue hatua kwa hatua.

Antioksidanti ni nini?

Mwili wetu unatumia oksijeni tunayoivuta kuunguza chakula na kupata nguvu. Kama jiko la kuni linavyorusha cheche, kazi hiyo nayo hutoa chembe kali ziitwazo radikali huru. Chembe hizo zikizidi hugusa na kuharibu vilivyo karibu nazo, yakiwemo mafuta yaliyomo kwenye damu na kuta za seli.

Mama zetu wanaujua mfano wake jikoni. Ukimenya ndizi mbichi ukaiacha, inageuka rangi na kuwa nyeusi. Ukiikamulia ndimu, inachelewa kugeuka. Kilichoigeuza ni oksijeni, na miongoni mwa vilivyoizuia ni vitamini C ya ndimu, ambayo ni antioksidanti. Nyingine ni vitamini E, karotini inayoipa rangi boga na embe, na viambato vingi vilivyomo katika majani, matunda na viungo.

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, alitoa nadharia kwamba uzee wenyewe unatokana na uharibifu wa radikali huru unaojikusanya mwilini. Baadaye ilifahamika kwamba yale mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli mbaya, yakiingia kwenye ukuta wa mshipa na kuharibiwa na oksijeni, huchochea uvimbe na utando unaobana njia ya damu. Kwa hiyo wazo la kuukinga moyo kwa antioksidanti lilikuwa na msingi. Lakini wazo lenye msingi bado linahitaji kupimwa.

Isitoshe, chembe hizo si adui mtupu. Askari wa damu huzitumia kuua vijidudu, na seli huzitumia kupelekeana habari. Allah ameumba mwili kwa mizani. Ukimwaga upande mmoja dawa nyingi ya kuzizima, si lazima mizani itengemae.

Vidonge vilipopimwa

Wataalamu waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi huugua moyo kwa uchache. Wakasema, basi tuchukue vitamini zilizomo ndani yake, tuzitie kwenye kidonge, tuone. Yakafanyika majaribio makubwa ambapo kundi moja hupewa vitamini na jingine kidonge kitupu kinachofanana nacho.

Nchini Finland, majibu yaliyotolewa mwaka 1994 yalihusu wanaume 29,133 wavutaji sigara wa umri wa miaka 50 hadi 69. Waliopewa vidonge vya karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa kiasi cha 18%. Mwaka 2000 yakatoka majibu ya jaribio la vitamini E kwa watu zaidi ya 9,500 wenye miaka 55 na kuendelea waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Vitamini haikupunguza mshituko wa moyo wala kiharusi. Walipoendelea kufuatiliwa, majibu ya mwaka 2005 yalionesha kwamba waliomeza vitamini E walipatwa zaidi na tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Nchini Uingereza, watu 20,536 wa miaka 40 hadi 80 walipewa vitamini E, C na karotini kwa pamoja, au kidonge kitupu, kwa miaka mitano. Majibu yalitoka mwaka 2002: vidonge havikupunguza vifo, wala mshituko wa moyo, wala kiharusi.

Kwa nini chakula kifae na kidonge kisifae? Kwanza, chungwa si vitamini C peke yake. Lina nyuzinyuzi, maji, madini ya potasiamu na viambato vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja. Pili, anayekula bakuli la mchicha na kipande cha papai huwa amepunguza nafasi ya vitumbua na soda. Tatu, mara nyingi anayekula hivyo pia anatembea, havuti sigara na anakwenda kupima afya. Kidonge hakiyabebi yote hayo.

Hatusemi kwamba vitamini zote hazina kazi. Mzee anaweza kupungukiwa na vitamini B12 kwa sababu tumbo lake halifyonzi vizuri, hasa akiwa anatumia metformini kwa ajili ya sukari. Huyo akipimwa na daktari akamwandikia, ameze. Tunachokizungumza ni kununua chupa kwa kusikia tu, na kuiweka mahali pa dawa.

Karafuu zetu je?

Ndugu zetu wa Pemba watauliza, na wana haki. Ni kweli kwamba karafuu ikipimwa maabara huonekana kuwa miongoni mwa vyakula vyenye nguvu kubwa kabisa ya antioksidanti. Lakini kipimo cha maabara hufanywa ndani ya chupa ya kioo, hakifanywi ndani ya mshipa wa binadamu. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lililopanga vyakula kwa nguvu hiyo, na mwaka 2012 ikaliondoa, kwa sababu namba zile zilikuwa zikitumiwa kuuzia bidhaa ilhali hazikuthibitisha faida kwa afya ya mtu.

Basi karafuu, mdalasini, hiliki, manjano, tangawizi na thomu zibaki pale wazee wetu walipoziweka: kwenye chungu, kwenye chai, kwenye mchuzi. Faida yao moja kubwa kwa moyo ni nyepesi kuielewa. Chakula chenye viungo vingi kinapendeza kwa chumvi kidogo. Lakini mafuta ya karafuu ya chupa si ya kunywa, kwani yakizidi yanaweza kudhuru ini. Na vidonge vya thomu, vya tangawizi au vitamini E kwa kiwango kikubwa vinaweza kuongeza kutokwa damu kwa mzee anayetumia dawa za kuifanya damu isigande.

Dawa ya presha baada ya miaka 80

Watu wengi hudhani kwamba mzee akishafika miaka 80 dawa ya presha haina maana tena. Hata madaktari waliwahi kulijadili jambo hili, ndipo likafanyika jaribio kwa watu 3,845, wote wenye miaka 80 au zaidi, ambao namba ya juu ya presha yao ilikuwa 160 kwenda juu. Walitoka nchi 13, zikiwemo China na Tunisia. Nusu walipewa dawa ya presha, nusu kidonge kitupu. Lengo lilikuwa kuishusha presha hadi 150 kwa 80.

Majibu yalitoka mwaka 2008. Waliopewa dawa, vifo vyao vilipungua kwa 21%, na moyo kushindwa kusukuma damu kulipungua kwa 64%. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Na dawa zenyewe hazikuwa za ajabu. Ni vidonge vya kawaida.

Tafadhali linganisheni. Vitamini katika maelfu ya watu: hakuna kinga ya moyo. Dawa ya presha kwa watu wa miaka 80 na zaidi: vifo vilipungua. Bi mkubwa wetu wa ule mfano ameacha kilichothibiti akashika kisichothibiti.

Lipo angalizo. Jaribio lile halikuwachukua wazee ambao presha yao hushuka sana wanaposimama. Mzee anayeona kizunguzungu akiinuka kitandani, au akiinuka kutoka sijda, apimwe presha akiwa amekaa kisha akiwa amesimama, na daktari aangalie upya dawa zake. Pengine zitapunguzwa au kubadilishwa. Jambo hilo ni la daktari, lisiamuliwe na jirani wala na mtoto aliye ng'ambo kwa simu.

Sahani ya mzee

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikihesabiwa hata ile iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Kwa visiwa vyetu haya hayahitaji duka la ng'ambo:

- Mchicha, matembele, kisamvu, boga na viazi vitamu vya rangi. Karotini yake huingia mwilini vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo, kwa hiyo tui jepesi linatosha. Si lazima kasimile nzito kila siku.
- Embe, papai, pera, chungwa, ukwaju, kwa msimu wake. Tunda zima ni bora kuliko juisi iliyotiwa sukari.
- Samaki, hasa dagaa, vibua na jodari, pamoja na kunde, choroko, mbaazi na maharage.
- Mafuta ya kukaangia yasitumike mara nyingi mpaka yakawa meusi. Mafuta hayo yameshaharibiwa na joto na oksijeni, jambo lile lile tunalolikimbia.
- Papa mkavu na ng'onda waroweshwe na maji yamwagwe, na vidonge vya kutilia ladha mchuzi vipunguzwe, kwani chumvi yake ni nyingi.

Sasa tunasema jambo ambalo familia nyingi hulisahau. Mzee wa miaka 85 mara nyingi tatizo lake si kula sana, ni kutokula. Meno yameondoka, hamu imepungua, kiu haimjii kama zamani. Mkimkataza hiki na kile mpaka akabaki na uji mtupu, nyama za mwili zinakwisha, anaanguka, na moyo nao unadhoofika. Apewe chakula laini chenye nguvu: uji wenye maziwa au karanga zilizosagwa, yai, samaki aliyetolewa miba, kunde zilizopondwa, papai. Apewe kidogo kidogo mara nyingi, na akumbushwe kunywa maji.

Wapo pia wazee wanaohitaji tahadhari ya pekee. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazopandisha potasiamu, asinywe madafu mengi bila ya kuuliza, kwani dafu lina potasiamu nyingi. Anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiwango chake cha mboga za majani. Ale kiasi kile kile kila siku na amueleze daktari. Balungi nalo hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, kwa hiyo aulize kwanza.

Upande wa dini yetu

Watauliza wengine: vipi habbat sauda? Hadithi yake ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, na sisi tunaiamini. Lakini wanazuoni wameieleza. Imamu al-Khattabi, kwa mfano, amesema kwamba tamko lake ni la jumla lakini makusudio yake ni maalumu, kwa maradhi yanayolingana na tabia ya dawa hiyo. Ufafanuzi huo haumaanishi kwamba mgonjwa aache matibabu mengine. Anayetaka kuitumia kama chakula kwa kiasi, aitumie, na dawa yake ya presha iendelee.

Na tutazame kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas (Radhwiya Allahu 'anhu), kilichopokewa katika Sunan ya Abu Dawud. Aliugua, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akamzuru, akaelezea kwamba maradhi yake ni ya moyo, akaelekeza tende za ajwa, na akamwelekeza pia kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake, lakini maana yake inakubaliana na mafunzo mengine yanayotuhimiza kujitibu. Ndani ya kisa kimoja wamo chakula na tabibu, na kimoja hakikumfukuza mwenzake.

Ama hukumu ya kujitibu, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, ilieleza kwamba asili yake ni jambo lililowekwa na sheria, na linakuwa wajibu pale ambapo kuliacha kunapelekea kuangamia nafsi, kupoteza kiungo au kulemaa. Kiharusi kinaua, na kinalemaza. Kwa hiyo kumshawishi mzee aache dawa yake si jambo dogo mbele ya Allah, hata kama nia ilikuwa nzuri.

Kuna na suala la halali. Vitamini nyingi za kibonge laini hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Wanazuoni wametofautiana juu ya jelatini iliyobadilika asili yake, lakini kwa kitu ambacho mzee hakihitaji, kuepuka shaka ni wepesi. Na mwenye kuuza ajue kwamba kudai kidonge kinatibu moyo bila ya uthibitisho ni ghushi katika biashara.

Na Ramadhani ikikaribia, mzee asiyeweza kufunga amepewa ruhusa na Mola wake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, atatoa mudi moja ya chakula kwa maskini kwa kila siku. Asione haya kuichukua ruhusa hiyo, wala watoto wasimtie huzuni. Anayeweza kufunga aonane na daktari kabla, ili dawa zipangwe baina ya daku na futari. Vile vile anayepatwa na kizunguzungu anaweza kuswali akiwa amekaa.

Ya kufanya nyumbani wiki hii

Kwanza, mkusanye chupa zote za mzee, za hospitali na za duka, mzitie kwenye mfuko mmoja na kumpelekea daktari au mfamasia azione.

Pili, mzee apimwe presha, akiwa amekaa na akiwa amesimama, na namba ziandikwe kwenye daftari.

Tatu, mpige hesabu. Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi Zanzibar ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha ya mzee ni amana. Itazameni bei ya chupa moja ya vitamini, kisha mjiulize ingenunua samaki, mayai na matunda ya siku ngapi. Na mtoto wa ng'ambo anayetaka kuleta zawadi, alete kipimo cha presha cha mkononi, au atume fedha ya kitoweo na nauli ya kliniki.

Nne, mzee atembee kwa kadiri ya nguvu zake, hata kama ni kwenda msikitini na kurudi akishikwa mkono na mjukuu.

Tano, mzijue dalili za hatari: maumivu au mbano wa kifua, kuhema akilala, miguu kuvimba, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Dalili hizo zikitokea ghafla, mzee apelekwe hospitali saa ile ile. Wapo wanaosema amepigwa na upepo wakampeleka kwanza kwa mganga. Kusomewa ruqya kwa Qur'ani ni jambo zuri, na anaweza kusomewa akiwa ndani ya gari njiani kuelekea hospitali. Muda ukipotea, ubongo uliokufa haurudi.

Allah ametuhimiza kuwatendea wema wazazi wetu hasa wanapofikia uzee wakiwa mikononi mwetu. Wema huo leo una sura ya kumkatia papai vipande vidogo, kumkumbusha kidonge chake cha asubuhi, na kukaa naye wakati anapokula. Bi mkubwa wa mfano wetu ana watoto wengi wanaompenda. Anachohitaji ni mmoja wao amrudishie dawa yake na ampeleke akapimwe.

Tunamuomba Allah awape wazee wetu afya, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa watoto wema kwao. Aamiyn.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.